Bajaji Si Pikipiki Yenye Paa

Mpwa wangu ameendesha bodaboda Mbalizi tangu alipomaliza kidato cha nne, na miaka yote hiyo mama yake, dada yangu, halali mpaka asikie pikipiki ikizimwa uani. Mwezi uliopita kijana alikuja kunisalimia akiwa na habari njema: amepata bosi wa kumpa bajaji kwa mkataba. Atapeleka hesabu kila siku, na muda ukitimia chombo kinakuwa chake. Dada amefurahi. Bajaji ina paa, ina kioo cha mbele, ina magurudumu matatu, na kwa hesabu yake matatu yanashinda mawili. Nilipomuuliza kijana atajifunza lini kuiendesha, alicheka. "Mjomba, ile si pikipiki yenye paa tu?"

Sikumbishia siku ile. Nimeendesha bajaji sehemu kubwa ya ujana wangu, kwanza Dar es Salaam, kisha hapa Mbeya, kabla mgongo haujanihamishia nyuma ya kaunta ya duka la spea. Maneno ya mpwa wangu nayasikia kwa vijana wengi wanaokuja dukani kutafuta kioo cha mbele au taa ya pembeni, chombo chenyewe kimeegeshwa nje kimebonyea ubavu mmoja. Karibu wote wametoka kwenye pikipiki. Anayetoka kwenye gari huja na woga, na woga unamfanya aulize. Anayetoka kwenye pikipiki hana cha kuuliza, na hicho anachokijua ndicho kinachomuumiza.

Mimi nami nilitokea kwenye pikipiki. Aliyenifundisha alikuwa dereva wa kijiwe kimoja cha Tandika, mtu wa makamo, mpole, asiyependa kusema jambo mara mbili. Tulikwenda jioni kwenye uwanja wa mpira wa mtaani, watoto wakishamaliza mechi yao. Akanikalisha kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akasimama mbele ya kioo, akasema, "Funga breki." Vidole vya mkono wangu wa kulia vikafumba hewa.

Kwenye pikipiki breki ya mbele iko mkono wa kulia, na vidole huizoea mpaka haviulizi tena. Kwenye bajaji mkono wa kulia ni wa mafuta tu. Kushoto kuna klachi, na mkono huohuo ndio unaozungusha gia, nne za kwenda mbele. Breki ni pedeli ya mguu wa kulia, na ukiikanyaga inashika magurudumu yote matatu kwa pamoja. Yule mwalimu wangu akaanza kunipigia stori za Simba na Yanga, kwa utulivu kabisa, ili nisahau kwamba niko kwenye mtihani, halafu katikati ya stori anapaza sauti: "Mtoto!" Kila vidole vilipofumba kabla mguu haujakanyaga, alitikisa kichwa na kurudi kwenye goli alilokuwa akilisimulia. Giza liliingia bajaji haijawashwa. "Siku mtoto wa kweli akivuka," aliniambia tukirudi, "mkono wako hautakuuliza umepanda nini."

Jioni iliyofuata alikuja na nati kubwa ya gari ameifunga kwa kamba ya kiatu. Akaining'iniza kwenye bomba la paa, katikati, nyuma kidogo ya kichwa changu, yeye akakaa kiti cha abiria akiikodolea macho. Nikawa nazunguka uwanja polepole huku ananisomea. Nikikata kushoto, nati inakimbilia kulia. Nikikata kulia, inakwenda kushoto. Nikifunga breki, inanijia kisogoni. Kisha akanitaka nikate kushoto na kufunga breki wakati huohuo. Safari hii nati ilikuja mshazari, ikanigonga nyuma ya bega la kulia. Akaniambia nisimame. Akashuka, akaokota kijiti, akachora pembetatu vumbini, ncha moja mbele na mbili nyuma, akaniuliza: "Huko ilikoelekea nati, pana tairi gani?"

Hapakuwa na tairi.

Miaka yangu yote barabarani ilikuwa ni kuendelea kulielewa swali lile. Gari la magurudumu manne likifunga breki konani, uzito wake unakimbilia pembe ya mbele ya upande wa nje, na pale pana tairi la kuupokea. Bajaji mahali pale haina kitu. Ukivuta mstari kutoka tairi la mbele hadi tairi la nyuma la upande wa nje, huo ndio ukingo wake. Uzito ukiuvuka, chombo kinalala. Na kwa kuwa pembetatu ni nyembamba mbele na pana nyuma, kila kinachousogeza uzito mbele kinausogeza karibu na ukingo. Bajaji ya kawaida ya abiria ina upana wa mita 1.3 hivi na kimo cha mita 1.7. Kimo kimeuzidi upana, na umbo lote hilo limesimama juu ya pembetatu. Haina subira na mtu anayeikumbuka breki akiwa ameshaingia konani. Breki ni za kabla, chombo kikiwa bado kimenyooka. Ukianza kukata, mguu uwe umeshatoka kwenye pedeli, na ukifika katikati ya kona unatia mafuta kidogo, ya kuvuta tu, ili uzito urudi nyuma kulikopana.

Mwendesha pikipiki hakuzoea hesabu hii, kwa sababu pikipiki inalala pamoja naye kuelekea ndani ya kona. Bajaji haina namna ya kulala ndani. Ikilala, imelala nje, na huo ndio mwisho wa safari. Hata leo nawaona vijana wakipita mbele ya duka wanakata kona wameinamisha kichwa na bega upande wa ndani, nyuso zimejaa utaalamu, na bajaji wala haina habari nao.

Wapo wanaosema lawama zote ni za idadi, kwamba chombo cha magurudumu matatu ni cha kubahatisha tangu kilipobuniwa. Historia haiwaungi mkono sana. Gari la Karl Benz lililopewa hataza Ujerumani mwaka 1886, ambalo wengi wanalihesabu kuwa ndilo la kwanza duniani, lilikuwa na magurudumu matatu, kwa sababu mwenyewe hakuwa ameridhika na njia ya kuyageuza mawili ya mbele kwa pamoja. Uingereza walikuwa na Reliant Robin, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1973, tairi moja mbele na mawili nyuma kama bajaji zetu, na mpaka leo wanaitania kwa kupinduka. Mwaka 2010 mtangazaji Jeremy Clarkson aliipindua tena na tena kwenye kipindi cha Top Gear, watazamaji wakavunjika mbavu. Miaka kadhaa baadaye akaandika mwenyewe gazetini kwamba mafundi walikuwa wameichezea makusudi ili ipinduke kila anapokata usukani. Kumbe hata uzembe wa kutengenezwa studio unaweza kuharibia chombo jina. Waingereza haohao wana Morgan yao, ya magurudumu matatu vilevile, ila mawili yako mbele. Ukifunga breki konani uzito unakuta tairi linausubiri, na watu wameiingiza kwenye mashindano ya mbio tangu enzi za babu zetu. Kwa upande mwingine, Marekani yalikuwepo mapikipiki ya matairi matatu manene ya kuendesha porini na mchangani, yaliyoanza kuuzwa na Honda mwaka 1970. Watoto na vijana wengi waliumia, na mwaka 1988 watengenezaji walifikia makubaliano na serikali ya kuacha kuyauza mapya. Yote yana magurudumu matatu, na hayana tabia moja. Kinachotofautisha ni uzito uko wapi wakati mtu anapoamua kugeuka.

Dar nilikuwa deiwaka. Bajaji ilikuwa na dereva wake wa kudumu. Mimi naipokea jioni yeye akichoka, wakati kila mtu anataka kurudi kwake. Kiti cha nyuma kimetengenezwa kwa watu watatu, lakini abiria wa Dar anajua kwamba hata mbele kuna nafasi, kwenye kipande cha kiti cha dereva, tako moja ndani, jingine linapigwa na upepo. Jioni moja wingu limetanda alikuja baba mmoja mwenye mwili wake, ameshika mfuko wa Rambo wenye samaki, akakaa kushoto kwangu bila kuuliza. Tukaondoka. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto, usukani ukagota kwenye goti lake. Mwendo ulikuwa mdogo, kwa hiyo tuliishia kusimama mlalo katikati ya barabara, daladala inatupigia honi.

Nikamwomba ashuke. Akasema yeye kila siku anakaa hapo. Nikageuka nyuma nikitarajia kuungwa mkono na wale watatu, ambao maisha yao nilikuwa nayatetea, wakaniambia, "Dereva, twende bwana, mvua hiyo." Ubishi ulimalizwa na mama mmoja aliyekuwa pembeni. Alishuka, akampisha yule baba nafasi yake nyuma, akafunika kichwa kwa khanga. "Dereva akishasema hawezi kugeuza, mimi sibishani naye," akasema, na akaenda zake kwa miguu. Hakudai hata nauli yake.

Abiria wa mbele anafanya mambo matatu kwa mpigo. Anaongeza uzito kule pembetatu ilikonyembamba, anauweka upande mmoja, na anamnyima dereva nusu ya usukani. Lakini nilichokiona jioni ile ni kikubwa kuliko goti la mtu. Bajaji tupu ina uzito wa kilo 350 au zaidi kidogo. Dereva na abiria watatu wazima wanakaribia kilo 280. Kwenye basi, abiria mmoja akihama kiti dereva hana habari. Kwenye bajaji, watu walio ndani wanakaribia kuwa nusu ya chombo, na wakiinama wote upande mmoja kutazama ajali ya wenzao, nati ya Tandika inainama nao. Tangu siku ile nikawa nasema mapema, kabla ya kuondoka: kaeni mpaka mwisho wa kiti, mizigo chini. Wengine walinung'unika. Wachache walishuka kutafuta dereva asiye na maneno.

Mbeya nilikuja kwa msiba na sikurudi. Huku bajaji zinafanya kazi ya daladala, zina njia zake, Kabwe, Mwanjelwa, Uyole, kila kichwa na nauli yake, na barabara zetu, tofauti na za Temeke kule Dar, zinapanda na kushuka. Mlima ulinionyesha upande mwingine wa pembetatu ileile. Ukipanda mteremko mkali na watu watatu wazito nyuma, uzito wote unarudi kwenye magurudumu ya nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi, na usukani unaanza kukudanganya: unageuza, chombo kinafikiri kwanza. Hapo hukati kona kwa ghafla, wala huachii klachi kwa pupa. Ukiteremka, mambo yanageuka. Uzito unakuja mbele, na kila breki unayoikanyaga inauongeza. Wenzangu wengi walikuwa wanatia frii kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, bajaji inajiporomokea yenyewe, breki ndiyo inayofanya kazi yote. Breki za bajaji ni za ngoma, zikikanyagwa mteremko mzima zinapata moto na kuanza kulegea, na zikilegea ni chini kabisa ya mlima, penye watu. Fundi mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya alikuwa akiwanusisha madereva harufu ya breki iliyoungua kabla ya kuwapa bei. Gia ya pili, injini ikishika, inagharimu mafuta kidogo kuliko zile raba za breki alizokuwa akiziuza yeye, na ambazo sasa naziuza mimi.

Barabara za mtaani nazo zina elimu yake. Mwenye gari akiliona shimo analiweka katikati ya magurudumu, anapita. Mwenye pikipiki analikwepa. Dereva wa bajaji ana mistari mitatu ardhini, na shimo analolipitisha katikati ya magurudumu ya nyuma ndilo hilohilo tairi la mbele linakwenda kuliingia. Kwenye njia ya vumbi iliyochimbwa na magari, matairi ya nyuma yanafuata mifereji, la mbele linapanda tuta la katikati kwenye mchanga uliolegea, na usukani unatetemeka mikononi. Ringi zetu ni za inchi 8. Shimo ambalo gari linalipita kwa kishindo, bajaji inazama humo. Kinachobaki ni kupunguza mwendo na kuchagua ni tairi gani litaumia, na tairi hilo lisiwe la mbele. Matuta ya barabarani yanataka kupandwa kwa kunyooka, magurudumu mawili ya nyuma yagonge pamoja, kwa sababu ukilipanda tuta mshazari gurudumu moja linapanda wakati jingine bado liko chini. Nilipokwenda Mombasa kumtembelea ndugu nilipanda tuktuk hadi kivukoni Likoni, na nikafurahi kumwona dereva, kijana mdogo tu, akirudi nyuma kidogo ili apange tairi lake kabla ya kupanda mlango wa kivuko. Nyuma yake watu walikuwa wanamzomea kwa kuwachelewesha.

Kisha kuna malori. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita hapa, inabeba mizigo ya Zambia na Kongo, na bajaji inakaa humohumo. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza unakusukuma nje, halafu unakuvuta ndani, na lile turubai la ubavuni linaushika upepo wote. Ukishika usukani kwa mikono yote miwili na mwendo mdogo, unapita salama. Hatari kubwa ni kuogopa ukateremkia bega la barabara, halafu ukataka kurudi haraka. Ukingo wa lami mahali pengine umebomoka na kuacha ngazi. Tairi dogo likiifuata ngazi hiyo kwa mshazari linakataa kupanda, linateleza pembeni, na ukilazimisha usukani linapanda ghafla na kukurusha katikati ya njia. Unaposhuka lami, endelea hivyohivyo chini mpaka upate mahali palipo sawa. Dereva wa nyuma atapiga honi. Aache apige.

Ajali niliyoiona kwa karibu kuliko zote ilitokea kwenye mteremko wa kutoka sokoni Uyole. Nilikuwa nyuma ya bajaji iliyofungwa mikungu ya ndizi juu ya paa, ndani mama mwenye mzigo na mwanawe. Kona ya kulia, mwenye baiskeli akakatiza, dereva akakanyaga breki palepale konani. Tairi la nyuma la kulia likanyanyuka. Lilinyanyuka taratibu, nikapata muda wa kuliona tope lililoganda chini ya bodi, likakaa juu kidogo, kisha chombo kikalalia ubavu wa kushoto. Mwendo ulikuwa wa bodaboda iliyobeba mama mjamzito. Mama na mtoto walitoka wamechubuka viwiko. Aliyeumia ni dereva. Alipohisi chombo kinakwenda, alitoa mguu wa kushoto nje ili akizuie, kama anavyofanya kila siku mtu wa pikipiki anaposimama, na bajaji ikaukalia mguu juu kidogo ya kifundo.

Tulikuwa wanaume wanne, tukainyanyua mara moja. Ndivyo bajaji ilivyo: inainuliwa kwa urahisi, na urahisi huo unawafanya watu waone si ajali ya maana. Mguu unaweza kuhimili pikipiki iliyosimama. Bajaji yenye watu na ndizi inapita nusu tani, na hakuna mguu wa kuizuia. Inapolala, salama ya dereva ni kubaki ndani, ashike usukani, miguu kwenye sakafu. Na abiria ashike bomba la ndani na kurudisha mikono. Nilimpeleka mwenzangu hospitali kwa bajaji yangu, na njia nzima alimlaumu mwenye baiskeli, lawama ambayo kwa sehemu ilikuwa ya haki. Pale barabarani watu walijadili baiskeli, breki, mteremko, hata mkosi. Mikungu juu ya paa haikutajwa na mtu, ilhali ndiyo iliyopandisha uzito hadi pale ulipohitaji kisingizio kidogo tu ili uvuke ukingo. Ndizi zilezile zingewekwa sakafuni, miguuni mwa yule mama, nadhani bajaji ingeyumba tu na mwenye baiskeli angetukanwa na kusahauliwa.

Mambo haya yote dereva anaweza kuyajua na bado akashindwa kuyafuata, na hapo ndipo linapokuja suala la fedha ambalo mpwa wangu hataki kulisikia. Kaunta ya spea inafundisha kuliko kijiwe. Dereva wa hesabu tu, asiye na mkataba, akija na tairi kipara, anampigia bosi simu mbele yangu, na mara nyingi jibu ni "wiki ijayo." Dereva wa mkataba hana wa kumpigia, tairi ni lake, breki ni yake, na hesabu ya leo haijapungua kwa sababu amenunua tairi. Kwa hiyo wanafanya wote wawili jambo lilelile. Wananunua tairi moja au mawili ya nyuma, yanayobeba watu, na lile lililochakaa wanalihamishia mbele, kwa kuwa mbele "hakuna mzigo." Tairi la mbele ndilo pekee linalogeuza chombo. Mvua za kwanza zikianguka, lami ikiwa bado na mafuta na vumbi la kiangazi, unakata usukani na bajaji inaendelea mbele kama ilivyokuwa ikienda. Nimeacha kubishana nao. Ninachofanya ni kuwapimia upepo bure, kwa sababu tairi la nyuma la kulia likipungua upepo kuliko la kushoto, chombo kimeshaanza kuinama kabla ya kona yoyote. Na breki zikivuta upande mmoja, namwonyesha fundi aliye jirani.

Hesabu ndiyo inayokimbiza bajaji zaidi ya mafuta. Saa 12 jioni dereva ambaye hajaifikisha anaingia konani na mwendo ambao asubuhi asingeuthubutu, anampakia wa nne ambaye asubuhi angemkatalia. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji tunazo tangu mwaka 2010, enzi za SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati ule, na kazi hiyo sasa iko chini ya mrithi wake, LATRA. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Trafiki naye yupo, na anajua kuhesabu vichwa. Sijaona bado, katika mikataba yote iliyowahi kuwekwa juu ya kaunta yangu ili niwasomee vijana, mstari mmoja unaosema nani atanunua tairi la mbele, wala unaopunguza hesabu kwa siku ya mvua. Bosi anayetaka chombo chake kirudi kizima angeanzia hapo, bila kusubiri askari.

Sasa zimeanza kuonekana bajaji za umeme, na vijana wananiuliza kama zina kona tofauti. Betri ni nzito, na ikiwekwa chini, sakafuni au chini ya kiti, inaushusha uzito, jambo jema kwa pembetatu. Ila mota ya umeme inavuta tangu unapogusa mkono, haingurumi kukuonya, na anayevuka barabara hakusikii. Nati ingehitaji kuning'inizwa upya na kila dereva aisome mwenyewe.

Ndilo tunalotaka kufanya. Wenzangu wawili nami, wote tumeshauaga usukani, tumezungumza na viongozi wa kituo kimoja hapa Uyole: kila anayepokea bajaji kwa mara ya kwanza aje uwanjani Jumapili asubuhi, kabla hajabeba abiria, na viroba vitatu vya mchanga kwenye kiti cha nyuma badala ya watu. Azunguke. Afunge breki akiwa amenyooka, afunge konani kwa mwendo mdogo, kiroba kimoja kihamishiwe mbele, kingine kifungwe juu ya paa, arudie. Viongozi wamekubali, uwanja upo, mchanga upo. Mpaka tunaagana walikuwa bado wanabishana nani atalipia mafuta.